Siku za Mvua ni Batili

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza leo saa tatu asubuhi, gari langu likiwa gereji na viatu nilivyovaa vikiwa vya kitambaa. Kazi ipo.

Nimeamua kuandika mpaka kikao cha kamati cha tarehe 29 Mei. Daktari kasema moyo wangu hauna ugonjwa wowote, ni mimi tu nisiyetulia, na akanishauri niandike kinachonikera badala ya kuzunguka nacho chumbani. Dada yangu mkubwa, ambaye naishi naye kwenye nyumba aliyotuachia mama, kasema daktari huyo Mungu ambariki, amempunguzia kazi ya kunisikiliza.

Basi kinachonikera ni hiki. Kamati itachagua mchoro mmoja kati ya miwili ya barabara ya viwandani, ile inayopita mbele ya ofisi yetu na kuishia hospitalini. Mchoro wa Kwanza una njia nne za magari, ukuta kwa ukuta. Wa Pili una njia mbili za magari, njia ya mabasi, na njia pana ya waenda kwa miguu na baiskeli. Mimi ni mtafiti wa usafiri, na ofisi nzima inajua moyo wangu uko kwenye wa Pili. Ila nambari zangu ziko upande wa Kwanza. Miaka miwili iliyopita nilihesabu mwenyewe pale makutano: waenda kwa miguu 212 kwa siku. Humjengei njia ya mita tatu mtu ambaye hayupo. Ripoti ile ndiyo iliyonipa jina la Bi Takwimu, na ndiyo itakayonipa uongozi wa Kitengo kipya cha Usafiri Endelevu kikifunguliwa Julai. Mkurugenzi ameshanidokeza.

Kwa hiyo mambo yangu ni mazuri, na roho iko juu juu. Sielewi.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Jamaa wa gereji kasema "kesho" kwa sauti ileile ya juzi.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Semina ya siku nzima kuhusu kupunguza moshi wa magari mjini. Washiriki arobaini, magari thelathini na nane uwanjani. Nilibadilisha kiti mara tatu mpaka Mhandisi akaninong'oneza, "Bi Takwimu, kiti kina miiba?" Mhandisi ndiye mwenzangu wa dawati la pili. Anachekesha, na ni mtu pekee pale anayekumbuka kuniuliza kama nimekula.

Jumatano, 11 Machi

Leo nimetoka nyumbani na Dada saa kumi na mbili kasoro, kwa miguu. Yeye anafanya kazi sehemu ya kufulia hospitalini na zamu yake inaanza mapema. Alinitazama nikichagua pa kukanyaga, akacheka. "We mtu wa barabara, mbona barabara huijui?"

Tulipofika viwandani nikasimama. Ukingo wa lami ulikuwa umejaa watu. Walikuwa wamepanga foleni mbili, viatu mkononi, wamejibana kati ya magurudumu ya malori na ukuta wa kiwanda cha mbao. Wauguzi, mafundi, wanafunzi, akina mama wenye watoto mgongoni. Lori likipita wote wanageuza uso ukutani kukwepa maji, halafu wanaendelea kama vile hakuna kilichotokea.

Mimi nikiona watu nahesabu, siwezi kujizuia. Kwa robo saa walipita mia moja na sitini.

Nikamwuliza Dada watu wote wale wametoka wapi.

"Wametoka wapi tena? Ndio hawahawa wa kila siku."

"Hapana, mimi nimehesabu barabara hii. Hawapo."

"Kiangazi wanapita nyuma ya ukuta. Kuna tundu pale kwa fundi baiskeli, unaingia unatokea hospitali. Nani apite huku agongwe bure? Sasa hivi kule nyuma maji yamefika magotini." Akanivuta mkono. "Twende, mdogo wangu, unalowa."

Nilifika ofisini nikakaa, nikasimama, nikakaa. Kutwa nzima sikuandika mstari mmoja.

Ijumaa, 13 Machi

Nimeshuka stoo kutafuta fomu zangu za miaka miwili iliyopita. Nilizikuta chini ya boksi la mabango ya semina, zimefungwa uzi. Nilihesabu siku saba, ripoti imetumia tano.

Siku mbili zilizobaki zimechorwa mstari mwekundu kutoka kona hadi kona, na juu yake pameandikwa MVUA – BATILI. Mwandiko ni wangu. Chini ya mstari jumla bado inasomeka: waenda kwa miguu 4,118 siku ya kwanza, 4,390 siku ya pili.

Nilikaa juu ya boksi. Niliziona nambari hizi wakati ule, siwezi kusema sikuziona, nilizijumlisha mwenyewe. Nikachukua kalamu nyekundu kwa sababu mwongozo wetu wa kuhesabu, ukurasa wa tisa, unasema siku ya mvua si siku ya kawaida na fomu yake ni batili. Hata sikujiuliza watu elfu nne wanatokea wapi mvua ikinyesha, kana kwamba wanaota kama uyoga. Nilifuata kanuni, nikaenda kunywa chai.

Wamekuwa wakipita siku zote, hatua sitini nyuma ya mgongo wangu. Barabara iliwafukuza kwa ubaya wake, halafu nikaja mimi na mwavuli wa ofisi, nikakaa mbele, nikathibitisha kwamba hawapo. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumatatu, 16 Machi

Nimemwonyesha Mhandisi. Akasoma, akafunga mlango.

"Nani mwingine ameziona?"

"Hakuna."

"Basi zirudishe uzini. Ulifuata mwongozo. Hakuna atakayekulaumu kwa kufuata mwongozo, ila watakulaumu kwa kuufumua. Julai hiyo inakuja, mama. Unajichimbia kaburi la nini?"

Alisema kwa upole, na nilimshukuru. Nimerudi nyumbani nikiwa na nafuu kidogo. Hiyo nafuu nayo haikunipendeza.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua. Gari limetoka gereji. Nimeliacha nyumbani.

Jumamosi, 21 Machi

Nimeenda kwenye lile tundu. Ni pengo la matofali kama kumi, upana wa bega, na pembeni fundi baiskeli ameweka turubai lake. Ndani maji ya rangi ya chai. Fundi ametandika mbao chakavu za kiwanda juu ya mawe, lakini mbao zenyewe zinaelea.

Nikajitambulisha. Akafuta mikono. "Nakujua, mama. Ulikaa pale na mwavuli wa buluu. Wiki nzima."

"Mlijua nahesabu nini?"

"Tulidhani magari. Kila lori likipita unaandika."

"Ningekuwa nahesabu watu, ungeniambia wanapita huku?"

"Ungeniuliza ningekwambia." Akarudi kwenye gurudumu lake. Hakusema kwa ubaya, ila nilitembea na maneno hayo mpaka nyumbani na kurudi dukani mara mbili bila kukumbuka nilichotumwa. Dada akaniita kiguu na njia.

Jumanne, 24 Machi

Mkurugenzi tunamwita Mzee Rula kwa sababu hapigi mstari bila rula, hata chini ya tarehe. Ndiye aliyeandika mwongozo wa kuhesabu, na anastaafu mwakani. Nikaingia ofisini kwake na fomu mbili.

Alizitazama muda mrefu. "Siku ya mvua si siku ya kawaida," akasema.

"Mzee, mvua yetu ni miezi mitatu."

"Kanuni ni kanuni, binti yangu."

"Na hiyo miezi tisa mingine wanapita nyuma ya ukuta. Kiangazi hatuwaoni, masika tunawafuta. Tunawahesabu lini?"

Akachukua rula, akaisogeza sentimita moja kulia, akairudisha. Nimetoka nikimwona ni jiwe, mtu anayelinda karatasi yake. Nimekasirika naye kweli.

Ijumaa, 27 Machi

Nimeandika barua kwa kamati. Ukurasa mmoja: takwimu za ripoti yangu, kiambatisho cha tatu, zina makosa, makosa ni yangu, naomba zisitumike. Nimeisaini. Nimeiweka kwenye droo, niisome tena Jumatatu kwa macho mapya.

Jumatatu, 30 Machi

Nimeisoma. Nimebadilisha neno moja. Nimeirudisha.

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua.

Jumanne, 7 Aprili

Mvua. Mhandisi kaniletea mchoro wa mlango wa ofisi ya Kitengo, na cheo changu kimeandikwa juu yake. Ni utani, kasema. Nimecheka. Nimefungua droo, nimefunga droo.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua. Droo.

Ijumaa, 17 Aprili

Naandika nimekaa kwenye benchi la wodi.

Leo asubuhi Dada alitoka peke yake, mimi nilijivuta. Saa kumi na mbili na nusu simu ikalia kwa namba yake, lakini aliyeongea ni mwanamume. Akasema, "Mama, mimi fundi baiskeli. Dada yako yuko hai, nakwambia hilo kwanza." Sikumbuki nimevaa nini kutoka nyumbani. Nilipofika nilikuta nimevaa kiatu changu kimoja na chake kimoja.

Lori lilikwepa dimbwi. Kioo chake cha pembeni kikampiga begani, akaangukia ukuta, mkono wa kulia umevunjika mahali pawili. Fundi ndiye aliyemvuta kutoka kwenye lami na kumfunga mkono kwa mpira wa baiskeli mpaka wauguzi wa zamu, waliokuwa wakitembea foleni hiyohiyo, wakamfikia. Ingekuwa hatua moja zaidi ndani ya lami, leo nisingekuwa na dada.

Kitu cha kwanza alichoniambia ni, "Shuka hili nimelifua mimi. Ona doa, mashine ya tatu mbovu." Nikalia. Akanifokea kwamba mgonjwa ni yeye.

Nikamwambia. Sikuwa nimepanga, nilifungua mdomo nikamwaga mtama wote: fomu, mstari mwekundu, barua iliyokaa kwenye droo siku ishirini na moja. Dada akaangalia dari.

"Wiki ile ya mwavuli wa buluu," akasema hatimaye, "nilikuwa nakuletea chakula cha mchana."

Nilikuwa nimesahau.

"Siku zote saba, hata zile mbili za mvua nikikanyaga maji. Nilikuwa natoka kazini, napita kwenye tundu, natokea nyuma yako, nakupa bakuli, nangoja umalize, narudi kulekule. Ulikuwa unakula huku macho yako barabarani. Sasa mimi uliniandika wapi?"

Sikumwandika popote. Kwenye sheria ya kuhesabu, anayehesabiwa ni anayevuka mstari mbele ya kiti. Dada alikuwa anakuja nyuma ya kiti. Siku saba nimekula chakula kutoka mkononi mwake, na wala sikugeuka kuona anatokea wapi.

"Kwa hiyo sikuwepo," akasema.

"Dada, nisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini barua hiyo isilale tena humo."

Jumamosi, 18 Aprili

Nimemwomba mlinzi anifungulie ofisi. Barua nimeipeleka kwa mkono wangu kwa karani wa kamati, nyumbani kwake, akiwa na povu la kunyolea shavuni. Akasaini kuipokea. Leo mchana nimelala saa tatu mfululizo.

Jumanne, 21 Aprili

Habari imefika ofisini kabla yangu. Watu wanapunguza sauti nikiingia. Mhandisi hakuniuliza kama nimekula.

Jumatano, 29 Aprili

Mvua. Dada yuko nyumbani, mkono kwenye plasta. Anajifunza kukunja nguo kwa mkono mmoja na kidevu, na hataki nimsaidie. Mashuka mia nne kwa siku, anasema, atarudi kuyakunja hata kwa meno.

Alhamisi, 7 Mei

Nimeitwa utumishi. Wamenipa barua ya onyo kwa kuandikia kamati bila kupitia ngazi. Ngazi yenyewe ni Mzee Rula, na barua haina saini yake. Wamesaini wengine. Hilo limenikaa kichwani.

Jumatatu, 18 Mei

Manyunyu tu. Njia ya nyuma inaanza kukauka. Leo asubuhi foleni ukingoni ilikuwa nusu ya ile ya Machi. Nimepata hofu ya kijinga: natamani mvua isikatike, watu wangu wasije wakatoweka tena kabla ya kikao. Halafu nikaukumbuka mkono wa Dada, nikajionea aibu.

Ijumaa, 29 Mei

Kikao. Nitaandika kama kilivyokwenda.

Wajumbe tisa, meza ndefu, mimi kwenye kiti cha ukutani. Mwenyekiti akasoma barua yangu kwa sauti kavu, akauliza kama bado naisimamia. Nikasimama. Nikasema takwimu ni zangu na si za kweli, nikagawa nakala za zile fomu mbili. Nikasema ofisi yetu imezunguka na semina za kutafuta usafiri usiochafua hewa, na watu elfu nne kwa siku wanakwenda kazini bila tone la mafuta, mlangoni kwetu, na tumewajibu kwa kuwachorea njia nne za magari.

Mhandisi akaomba nafasi. Nilidhani atanitetea, ndio ujinga wangu. Akasema kwa ile sauti yake ya upole kwamba wote wanamheshimu Bi Takwimu, ila waheshimiwa wajue dada yake amepata ajali kwenye barabara hiyo mwezi uliopita, na maumivu ya familia yanaweza kumfanya mtu yeyote aone watu wasiokuwepo. Kanuni ya mvua ni ya kitaalamu, akasema, haiwezi kufutwa kwa machozi.

Aliniuliza hali ya Dada mara moja tu, na sasa najua alikuwa anataka tarehe ya ajali.

Mzee Rula akakohoa. Hakusimama.

"Hiyo kanuni niliiandika mimi," akasema. "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba niseme ilivyoandikwa. Mwaka ule tulikuwa tunahesabu na kalamu za wino wa maji. Hatukuwa na mwavuli wala mfuko wa nailoni. Mvua ikinyesha fomu zinaloa, wino unatawanyika, huwezi kusoma kitu. Nikaandika: fomu ya siku ya mvua ni batili. Nilimaanisha karatasi. Mwaka uliofuata kijana niliyemfundisha akauliza sababu, nikaona haya kumwambia ni wino, nikamwambia siku ya mvua si ya kawaida. Akaandika hivyo kwenye toleo la pili. Mimi nikapandishwa cheo."

Mtu akacheka, akaacha.

"Binti yangu huyu alinijia Machi, akaniuliza tunawahesabu lini. Nimeshindwa kumjibu kwa miezi miwili." Akafungua mwongozo ukurasa wa tisa, akatoa rula yake mfukoni, akapiga mstari juu ya kanuni, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akasaini pembeni. "Kalamu siku hizi haziloi."

Miezi miwili nimemwita mzee huyu jiwe.

Uamuzi: hawakuchagua mchoro wowote. Hesabu irudiwe kwa wiki mbili kuanzia Jumatatu, mbele ya ukuta na nyuma ya ukuta, ndipo wapige kura. Kitengo cha Usafiri Endelevu atakiongoza Mhandisi, kwa muda, na sote tunajua maana ya kwa muda. Mimi nitahesabu.

Nimemwambia Dada yote kwa mfuatano. Kuhusu Kitengo akasema, "Kiliwe na panya." Kisha akanimiminia chai kwa mkono wa kushoto, nusu ikaenda kwenye sahani.

Jumapili, 31 Mei

Hakuna mvua. Nimechora fomu mpya. Zile za zamani zilikuwa na safu ya magari madogo, mabasi, malori, pikipiki, na mwisho kabisa kijisafu chembamba cha waenda kwa miguu. Kwenye hii, safu ya kwanza ni yao, na ndiyo pana kuliko zote.

Jumatatu, 1 Juni

Kumekauka. Saa kumi na mbili kamili asubuhi nilikuwa nimekaa upande wa nyuma wa ukuta, jirani na turubai la fundi, nimeelekea kwenye tundu. Mwenzangu mmoja alikuwa mbele barabarani na mwavuli wa buluu. Mzee Rula alikuja bila kuitwa, akasimama pembeni na saa yake, kuhakikisha naanza kwa wakati. Fundi akaniletea kreti nikalie, kwa sababu kiti cha ofisi kilikuwa kinazama kwenye udongo ambao bado laini.

Wa kwanza kutokea alikuwa Dada. Ni siku yake ya kwanza kurudi kazini, plasta wameitoa Alhamisi na mkono bado mwembamba. Alitangulia kutoka nyumbani, akasimama ng'ambo ya ukuta akingoja, nimeambiwa na fundi, akawazuia watu nyuma yake mpaka saa ilipofika.

Akapita kwenye pengo bega mbele. Nikaandika mstari.

"Umeniandika?"

"Nimekuandika."

Akainama kutazama karatasi. "Ndio hiki tu?"

"Ndio hicho. Kila mtu mmoja."

"Na nikikuletea chakula mchana?"

"Nitakuandika tena. Na ukirudi jioni pia."

"Haya. Basi usile huku umenipa mgongo." Akaenda zake, na nyuma yake wakaanza kumiminika, wauguzi, mafundi, wanafunzi, baiskeli zikisukumwa kwa mkono, na kalamu yangu ikawa haipumziki. Ilipofika saa kumi na mbili na dakika ishirini na moja nilikuwa kwenye mstari wa mia mbili na kumi na mbili, hesabu ya siku nzima kwenye ripoti ile. Nikageuza ukurasa, nikaendelea.